Mama ana saratani hatua ya nne, amerudishwa nyumbani. Dawa za maumivu na gharama tunazipangaje?

MtotoWaPili:

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kwa wanaojua, maana kila ndugu ana lake.

Mama ana miaka 64, yuko kijijini mkoa wa Njombe. Ni saratani ya mlango wa kizazi. Alipata mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, mwaka jana, ikatulia, sasa imerudi na imefika kwenye kibofu. Daktari wa rufaa Mbeya amesema wazi kwamba hakuna tiba ya kuiondoa, apelekwe tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso, si ya kuponya. Barua tunayo.

Hali ya sasa: maumivu ya kiuno yanayoshuka mguu wa kushoto kama moto, usiku halali. Anameza tramado na diklofenaki. Anatokwa na uchafu wenye harufu kali, na damu kidogo kidogo. Anakula uji na mchuzi.

Tuko wanne. Mimi ni mwalimu wa serikali Iringa, mmoja ana duka Dar, mmoja yuko kazini Muscat, na mdogo wetu wa kike ndiye anayekaa na mama. Mzee alishatangulia. Kuna ekari tatu za miti ya misindano ambayo haijakomaa. Mjomba anasema tuiuze mama apelekwe India.

Naomba kujua:
1. Mofini tunaipataje na inatumikaje nyumbani?
2. Kuna msamaha wowote wa gharama, au kila kitu ni mfukoni?
3. Tuchange vipi bila kuvunjana? Na hili la India lina maana?

---

Muuguzi_Shufaa:

Pole sana, na mpe pole mdogo wako anayemuuguza. Nitaanza na maumivu, kwa sababu mgonjwa asipolala mengine yote hayashikiki.

Kwanza diklofenaki. Saratani hii ikifika kibofu mara nyingi hubana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Figo zikiwa zimebanwa, diklofenaki inazimalizia. Mwambie mganga wa hospitali ya mkoa apime kreatinini kabla ya jambo lolote. Ni kipimo cha damu cha kawaida kinachoonyesha kazi ya figo, na majibu yake ndiyo yataamua kipimo cha mofini pia. Mpaka majibu yatoke, ulizeni kama abaki na parasetamoli badala ya diklofenaki.

Mofini ya kunywa ni maji, si sindano. Hutolewa hospitali zenye kibali, kwa cheti cha daktari, na siyo ya kutafuta maduka ya dawa ya mtaani. Pigeni simu hospitali ya mkoa kabla ya kupanda gari, muulize mambo mawili: ipo leo, na ina nguvu gani. Swali la pili ndilo watu wanalisahau. Kuna mchanganyiko wa miligramu 1 kwa kila mililita, na upo wa miligramu 10 kwa mililita. Kijiko cha mililita 5 cha ule wa kwanza ni miligramu 5, cha ule wa pili ni 50. Chupa mpya ikija, soma lebo upya hata kama inafanana na ya zamani.

Mgonjwa anayetoka kwenye tramado mara nyingi huanzishiwa miligramu 5 kila baada ya saa nne. Akiwa dhaifu sana au figo zina shida, 2.5 au chini ya hapo. Daktari ndiye anayeandika. Ratiba inayofuatika nyumbani ni hii: saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, halafu saa 4 usiku dozi mara mbili ili apitilize hadi asubuhi bila kuamshwa. Kwa kipimo hicho ni miligramu 30 kwa siku. Chupa ya mililita 500 yenye nguvu ya 1 kwa 1 (miligramu 1 kwa mililita 1) ni siku 16 hivi, na akihitaji dozi za ziada ni kama siku 11. Kwa hiyo nendeni kuchukua nyingine ikibaki ya wiki moja, msingoje iishe. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani.

Kosa kubwa nyumbani ni kumpa dawa anapolalamika tu. Mofini hufuata saa. Akingoja maumivu yarudi, itahitajika dozi kubwa zaidi kuyashusha. Maumivu yakichomoza katikati ya ratiba, apewe dozi ya ziada iliyoandikwa na daktari, kwa kawaida sawa na dozi yake ya kila baada ya saa nne, si ile ya mara mbili ya usiku, na mdogo wako aandike kwenye daftari saa aliyompa. Zikizidi mbili tatu kwa siku, daftari hilo ndilo daktari atalitumia kupandisha kipimo. Tramado inaachwa siku mofini inapoanza. Parasetamoli inaweza kuendelea.

Kuna madhara matatu ya kuyajua mapema. Choo kitafunga, na hili haliishi lenyewe, hivyo dawa ya kulainisha kama bisakodili au sena ianze siku ileile mofini inapoanza. Familia nyingi huiacha mofini kwa sababu mgonjwa amekaa siku sita bila choo, na kumbe aliandikiwa dawa moja badala ya mbili. Kichefuchefu hutokea siku tatu hadi tano za mwanzo, basi ombeni metoklopramidi ya kuanzia nayo. Usingizi mwingi siku mbili tatu za mwanzo ni wa kawaida, maana mtu huyu hajalala kwa wiki kadhaa.

Mofini kwa kipimo sahihi haimwahishi mtu kufa na haimfanyi teja. Nawaambia kwa sababu lazima atatokea jirani au shangazi wa kumtisha mdogo wenu, naye atapunguza dozi kimyakimya.

Mguu unaowaka kama moto ni neva, yaani mishipa ya fahamu. Mofini peke yake haiumalizi. Muulizeni daktari kuhusu amitriptilini, miligramu 12.5 hadi 25 usiku. Ila mkiona mguu huo mmoja umevimba, umekuwa wa moto na mgumu, hilo si la neva tena, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Arudi hospitali na msimkande.

Harufu inatibika, na hili mlitilie mkazo kwa sababu ndilo linalomfanya mama akatae wageni. Harufu inatoka kwa bakteria wanaoishi kwenye nyama iliyokufa. Dawa yake ni metronidazoli, ya kumeza au ya kuweka ukeni kwa maelekezo ya daktari. Akiwa kwenye hiyo asionje ulanzi. Kusafisha nje mara mbili kwa siku: chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yapoe, mwagia taratibu na kausha kwa kupapasa. Msiingize maji wala kitambaa ndani, mtatonesha damu. Mafuta mazito ya mgando yapakwe kwenye ngozi ya mapajani, hasa mkojo ukianza kuvuja, kwa sababu ugonjwa ukiwa kibofuni ukuta kati ya kibofu na uke unaweza kutoboka.

Damu: kuna vidonge vya asidi ya traneksamiki, ombeni. Wekeni karibu kanga mbili za rangi nyeusi au nyekundu iliyoiva, kwa sababu damu juu ya shuka jeupe humtisha mgonjwa na wauguzaji. Ulizeni pia kama mionzi ya dozi moja ya kuzuia damu inawezekana tena baada ya ile ya mwaka jana. Jibu likiwa ndiyo, ndiyo safari pekee ya Dar ambayo ningeitetea.

---

AfisaUstawi:

Naongezea upande wa gharama.

Sera ya afya inatoa msamaha kwa makundi mawili yanayomhusu mama yenu: wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na wagonjwa wa magonjwa sugu, saratani ikiwemo. Haijiwashi yenyewe. Njia ni hii: mtendaji wa kijiji anaandika barua ya utambulisho inayoeleza hali ya kipato, inapita kwa mtendaji wa kata, kisha inafika kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Mama akiwa bado hana kitambulisho cha matibabu cha wazee kinachotolewa na halmashauri, fuatilieni kwa safari hiyohiyo. Pelekeni picha ndogo, nakala ya kitambulisho cha taifa na majibu ya kipimo cha nyama yaliyothibitisha saratani. Nakala tatu za kila karatasi, halisi zibaki nyumbani.

Nendeni ofisi ya ustawi KABLA ya kulipa chochote siku hiyo. Bili ikishafunguliwa kama mgonjwa wa kulipia, kuibadilisha ni kazi, na pesa iliyokwisha kulipwa hairudi.

Msamaha una mipaka. Dawa ikiwa haipo stoo, mtaambiwa mkanunue nje, na hapo ndipo fedha huvujia. Muulizeni daktari aliyeiandika: hii ikikosekana, ipi ya hapa ndani inaweza kuchukua nafasi yake? Mara nyingi ipo.

Kwako mwalimu. Wewe ni mwanachama wa NHIF, bima ya afya ya taifa, kwa makato ya mshahara. Mwanachama huandikisha mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne, na mzazi anaruhusiwa. Kama una watoto wawili, nafasi bado zipo. Utahitaji cheti chako cha kuzaliwa chenye jina la mama. Watu hukwama hapa: cheti kinasema jina moja, kitambulisho chake cha taifa kinasema lingine, au herufi zimepishana. Hilo hurekebishwa kwa kiapo cha mwanasheria, basi kagua majina leo usiku na usingoje dirishani. Ukishamwandikisha, tumieni kadi. Msamaha ubaki wa akiba.

Msinunue bima ya hiari sasa mkitegemea imtibu mwezi ujao. Nyingi zina muda wa kusubiri, na nyingine haziusogelei ugonjwa uliokwisha kujulikana. Na CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, huduma zake zinaishia hospitali ya mkoa. Kwa mofini na vipimo vya kawaida inasaidia, kwa Mbeya na Dar haisaidii.

Kuhusu kazi: sheria ya ajira ya 2004 inatoa siku nne za malipo mzazi akifariki, lakini kwa mzazi kuugua haizitaji. Kwa hiyo likizo yako ya mwaka ya siku 28 usiitumie yote sasa. Omba kwa maandishi kuigawa, na ombi la likizo bila malipo liandikwe mapema likiwa na nakala ya barua ya daktari.

---

Mhazini wa Familia:

La India nalijibu bila kuzunguka. Kabla ya kuuza hata mti mmoja, mwambieni mjomba aende nanyi kwa daktari aulize mwenyewe: lengo la tiba huko litakuwa kuponya, kurefusha maisha, au kupunguza maumivu? Likiwa kupunguza maumivu, dawa zake ziko Njombe. Mama aliyelala na maumivu ya kiuno, akikalishwa kwenye ndege na kulazwa mbali na wanawe, analipa gharama ambayo haimo kwenye bili ya hospitali. Misindano michanga inauzwa kwa bei ya kutupa, na mnunuzi akijua mna mgonjwa bei inashuka tena. Mjomba anasema hivyo kwa uchungu wa dada yake, kwa hiyo msimjibu kwenye kundi la simu. Mpelekeni kwa daktari asikie kwa masikio yake.

Swali hilohilo litumike kwa vipimo. Mkiambiwa arudie kipimo cha picha cha CT, ulizeni: majibu yakiwa mazuri au mabaya, matibabu yatabadilika? Yasipobadilika, hiyo nauli, kipimo na nyumba ya wageni ni pampasi na glavu za miezi.

Sasa kuchanga. Andikeni matumizi ya mwezi kwa mafungu, nanyi mtashangaa jinsi dawa zilivyo sehemu ndogo. Kwa mgonjwa wa nyumbani fedha huenda kwenye usafiri, chakula, sabuni na mkaa, pampasi, na mtu wa kusaidia. Yafuatayo yamalizwe kwenye kikao kimoja:

Mdogo wenu asidaiwe mchango. Anatoa kazi ya usiku na mchana, na kazi hiyo iwekewe posho, hata ndogo, itoke mwanzoni mwa mwezi kabla ya matumizi mengine. Mtafutieni pia mtu wa kumpokea angalau usiku mbili kwa wiki. Muuguzaji akianguka, gharama zote zinaruka juu.

Kila mmoja achukue fungu badala ya kiasi. Wa Muscat achukue fungu la mwezi lisilobadilika, kwa sababu mshahara wake una tarehe. Wa dukani, ambaye kipato chake hupanda na kushuka, achukue vitu: pampasi, glavu, sabuni, mpira wa kutandika, anunue kwa jumla na kutuma kwa basi. Wewe mwalimu uchukue hospitali na kadi ya bima.

Anayetunza fedha asiwe anayezitumia. Laini moja ya simu ipokee michango, risiti ipigwe picha na kuwekwa kwenye kundi siku hiyohiyo, na jumla itolewe kila mwisho wa mwezi. Bila hivyo, baada ya mazishi ndipo maswali huanza.

Wa vikoba, someni katiba ya kikundi. Mfuko wa jamii mara nyingi unamtaja mzazi wa mwanachama, kwa kuugua au kwa msiba, na kuna muda wa kutoa taarifa. Mikopo ya kausha damu msiiguse kwa ajili ya mgonjwa wa muda mrefu. Riba ya wiki haijui kama mnauguza.

Na tengeni fungu la msiba sasa, kando, kwenye akaunti nyingine. Najua linauma kulisema mama akiwa hai. Lakini kusafirisha mwili kutoka Dar hadi Njombe, kama kilomita 700, ni gharama inayozidi miezi ya matunzo nyumbani, na ni sababu mojawapo ya kumuuliza mama mapema anataka kuwa wapi.

---

MtotoWaPili:

Asanteni sana. Mungu awabariki. Kreatinini imepimwa, iko juu, daktari ameanza na mofini miligramu 2.5. Diklofenaki imesimamishwa. Analala usiku. Ila tangu jana anasinzia hata mchana, na mikono inamruka-ruka kama anashtuka. Ndugu wanasema ni dawa, tuiache?

---

Mfamasia_K:

Pigeni simu leo, msingoje kliniki. Figo zisipotoa taka vizuri, mabaki ya mofini hujikusanya mwilini, na dalili ya mwanzo ndiyo hiyo ya misuli kuruka pamoja na usingizi. Kwa kawaida daktari hupunguza kipimo au hutanua nafasi, iwe kila saa sita au nane badala ya nne. Ratiba ya kila baada ya saa nne haimfai kila mwenye figo dhaifu. Msiache ghafla kwa uamuzi wenu, maumivu yatarudi kwa nguvu.

Kabla ya dozi inayofuata angalieni hivi: anaamka ukimwita na kumgusa bega? Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima ukitazama saa. Akiamka na kujibu, na pumzi ni 10 au zaidi, mpigieni daktari na mfuate atakachosema. Asipoamka, au pumzi zimeshuka chini ya 10, dozi hiyo msimpe na apelekwe kituo cha karibu mara moja, chupa mkiwa nayo mkononi ili waone nguvu yake.

Hakikisheni pia bomba: miligramu 2.5 kwenye dawa ya 1 kwa 1 ni mililita mbili na nusu. Mtu akisoma 25, amepewa mara kumi. Piga mstari wa kalamu isiyofutika kwenye bomba, pale inapotakiwa kuishia.

Chupa ikae mbali na jua na mbali na watoto, kwenye kabati linalofungwa. Itakayobaki irudishwe hospitali.

---

MtotoWaPili:

Dozi imepunguzwa, inatolewa kila saa nane, mikono imetulia. Swali la mwisho: mama anauliza anaumwa nini hasa. Tulimwambia ni vidonda. Na chakula kinazidi kupungua, watu wanasema atundikiwe dripu.

---

Muuguzi_Shufaa:

Akiuliza, anajua kiasi fulani. Muulizeni yeye: mama, wewe unaonaje hali yako? Halafu mjibuni kile alichouliza, msimwage yote mara moja. Mzazi aliyeambiwa ukweli hupata muda wa kumwita anayemtaka, kuungama au kuombewa, na kusema shamba liwe la nani. Mkilificha, wosia unakuja kuandikwa siku ambayo kalamu haishikiki. Wosia wa maandishi ushuhudiwe na watu wasiotajwa kama warithi, na nakala yake ipelekwe RITA, wakala wa serikali unaotunza wosia.

Chakula: mwili ulioelemewa na ugonjwa hauombi chakula, na kulazimisha huleta kutapika. Vijiko viwili vitatu vya uji mwepesi anapotaka yeye vinatosha. Dripu katika hatua hii haimpi nguvu. Figo zikiwa hivi, maji huishia miguuni na kwenye mapafu, anakosa pumzi. Kinachomsaidia ni kinywa kisikauke: kitambaa laini kilicholoweshwa maji yenye chumvi kidogo, mdomo upanguswe kila baada ya saa mbili, na midomo ipakwe mafuta. Mkiona utando mweupe kwenye ulimi ni fangasi, ombeni nistatini.

Wakati huohuo wa saa mbili mgeuzeni ubavu, mto uwekwe katikati ya magoti. Kagueni kiuno na visigino. Ngozi ikibaki nyekundu hata ukiibonyeza, msimlaze tena upande huo kwa siku hiyo, na msiisugue.

Akifika mahali hamezi tena, vidonge visivyo vya lazima viachwe, lakini mofini isiachwe. Mwambieni daktari awaandikie ile yenye nguvu zaidi kwa kiasi kidogo cha maji, na mdogo wako aidondoshe taratibu kati ya shavu na ufizi, kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mito miwili. Kiasi cha mililita kitabadilika, kwa hiyo bomba lipigwe mstari mpya siku hiyohiyo.